Kwa nini vitunguu vya mbegu hugoma kutoa maua, na namna ya kuvifanya vichanue

Msikilizaji wetu, kama unalima vitunguu Issuna au kata yoyote ya Wilaya ya Ikungi, huenda hali hii unaifahamu vizuri. Umevuna, ukachagua vitunguu vizuri vyekundu, vya mviringo, ukavitenga visiuzwe wala visiingie jikoni. Ukavirudisha ardhini ili upate mbegu yako mwenyewe. Vimeota, majani yamejaa, umemwagilia kwa ndoo wiki baada ya wiki. Lakini ua halionekani. Ukichimba, unakuta kitunguu kimoja kimegeuka vitunguu vitatu au vinne vidogo, na mbegu huna.

Hiyo ni hasara mara mbili. Vitunguu ulivyopanda ungeweza kuviuza pale Misuna, kwenye soko la kimataifa la vitunguu mjini Singida. Na kwa kuwa mbegu hukupata, msimu ujao itabidi ununue. Ukinunua kwa mtu usiyemjua, unaweza kuuziwa mbegu iliyozeeka, ukaimwaga kitaluni na usione mche.

Wapo wanaosema shamba lina mkosi, na wapo wanaolaumu udongo. Ukweli ni kwamba kitunguu kina sababu zake za kugoma, na sababu hizo zinajulikana. Leo tuzieleze moja moja, kisha tuone mkulima wa huku kwetu afanye nini.

Kitunguu ni mmea wa misimu miwili

Mahindi na alizeti hupandwa, huchanua na kutoa mbegu ndani ya msimu mmoja. Kitunguu hakiko hivyo. Katika msimu wa kwanza kinaota kutoka kwenye mbegu, kinatoa majani, halafu kinajaza chakula chini. Lile tunguu tunalolikata jikoni ni ghala la mmea. Maganda yake manene ni sehemu za chini za majani, zilizojazwa maji na sukari kwa ajili ya safari ya mbele.

Safari yenyewe ni msimu wa pili. Tunguu likirudi ardhini linatumia akiba ile kusukuma bua refu lenye uwazi ndani, linaloweza kufika mita moja. Juu ya bua hukaa kichwa cha duara chenye mamia ya viua vyeupe. Kila kiua kina vyumba vitatu, na kila chumba kinaweza kubeba mbegu mbili. Kwa hiyo kiua kimoja kikirutubishwa sawasawa kinaweza kutoa mbegu sita.

Sasa, katikati ya tunguu kuna chipukizi dogo. Chipukizi hilo ndilo linaloamua. Linaweza kuwa jani, likaanza tunguu jingine dogo, au linaweza kugeuka ua. Kinacholifanya ligeuke ua ni baridi.

Baridi ndiyo ufunguo

Asili ya kitunguu ni nchi za Asia ya Kati, ambako kuna majira makali ya baridi. Mmea ukichanua katikati ya baridi ile, mbegu zake zingekufa. Kwa hiyo ulijifunza kusubiri. Hauchanui mpaka umepitia baridi ya wiki kadhaa mfululizo, kana kwamba unahesabu siku ili uwe na hakika kuwa majira yamepita.

Kwa aina nyingi za vitunguu, baridi inayofaa ni ya nyuzi joto 8 hadi 13 za Selsiasi, kwa muda wa wiki nne hadi kumi kutegemea aina. Aina zilizozoea nchi za joto zinaridhika na baridi hafifu kuliko zile za Ulaya. Ndiyo maana sisi tunaweza kupata mbegu kabisa.

Hapa ndipo ilipo shida ya Singida. Katika mkoa wetu joto hutoka karibu nyuzi 15 mwezi Julai hadi karibu nyuzi 30 mwezi Oktoba. Maana yake ni kwamba tuko mpakani. Kipupwe chetu cha Juni na Julai, kile cha upepo unaotufanya tuvae makoti asubuhi, kinakaribia kutosha, lakini hakizidi. Mwaka wenye baridi nzuri vitunguu vinachanua vyenyewe na kila mtu anajiona mtaalamu. Mwaka wenye kipupwe kifupi vinagoma, hata kwa mkulima aliyefanya kila kitu vizuri.

Mwinuko nao una kazi yake. Kwa kawaida, kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Singida mjini iko karibu mita 1,500, na Dodoma mjini karibu mita 1,100. Tofauti hiyo ya mita 400 ni zaidi ya nyuzi 2 za joto, na kwa kitunguu kilicho mpakani, nyuzi 2 zinatosha kuamua kama kutakuwa na ua au hakuna.

Na baridi inaweza kufutika

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: baridi ambayo kitunguu kimeshaipata inaweza kufutwa na joto. Kitunguu kikipata baridi kisha kikakaa kwenye joto la nyuzi 28 au zaidi kwa muda kabla bua halijaanza, chipukizi linasahau habari ya ua na kurudi kwenye majani.

Hili lina maana kubwa kwa mtu anayechelewa kupanda. Chukua mkulima aliyeweka vitunguu vyake ghalani mwezi Juni na Julai, vikapata baridi ya usiku, halafu akavipanda mwishoni mwa Agosti kwa sababu alikuwa anasubiri pampu. Septemba joto linapanda, Oktoba ndiyo kilele. Baridi yote iliyokusanywa inapotea ardhini. Vitunguu vitaota, tena vitaota kwa nguvu, lakini maua yatakuwa machache.

Sababu za kugoma, moja baada ya nyingine

Ukiona shamba la mbegu limegoma, pitia orodha hii kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kwanza, muda wa kupanda. Ukipanda Desemba au Januari na mvua, vitunguu vinakutana na maji mengi na joto. Vingi vinaoza, na vinavyobaki vinagawanyika kuwa vidogo kabla kipupwe hakijafika. Ukipanda Agosti, kipupwe kimeshaondoka. Muda mzuri kwetu ni mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Mei, mvua zinapokatika. Hapo vitunguu vinaota na kupata mizizi, kisha baridi ya Juni na Julai inavikuta vikiwa tayari.

Pili, ukubwa. Kitunguu kidogo hakina akiba ya kusukuma bua. Wengi wetu tunauza vikubwa na kupanda vile vilivyokosa mnunuzi. Hapo ndipo tunapojinyima. Chagua vitunguu vyenye upana wa sentimita 5 hadi 6, ukubwa wa kujaa kiganjani. Vikubwa zaidi ya hapo hutoa mabua mengi, lakini vinahitaji gharama kubwa, maana kwa uzito uleule unapata vitunguu vichache.

Tatu, aina. Kitunguu cha Ulaya kinahitaji siku ndefu, zenye mwanga wa saa 14 hadi 16, ili hata kiweze kufanya tunguu. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na siku zetu ni za saa 12 hivi mwaka mzima. Kwa hiyo kama umepata mbegu kutoka kwa ndugu aliyeko Uingereza, usitegemee tunguu wala ua. Aina kama Red Creole na Bombay Red ndizo zinazokubali siku fupi.

Nne, mbegu chotara. Pakiti ikiandikwa F1, hiyo ni chotara. Vitunguu vyake vinaweza kuwa vizuri sana sokoni, lakini ukivipanda kwa ajili ya mbegu, watoto hawatafanana na mama. Utapata vya rangi na maumbo tofauti tofauti, na vingine havitoi mbegu kabisa. Fedha na muda vitapotea.

Tano, mbolea ya kukuzia kupita kiasi. Urea nyingi inafanya majani yawe ya kijani kibichi, mmea unafurahia majani na kuchelewesha ua, na ugonjwa unapata pa kukaa. Samadi iliyooza vizuri, pamoja na mbolea ya kupandia yenye fosforasi kama DAP au ile ya Minjingu, inatosha kuanzia. Mbolea ya kukuzia weka kidogo tu, wiki tatu au nne baada ya kuota.

Sita, mahali pa kuhifadhi. Kitunguu kilichokaa chini ya bati bila hewa kinachemka mchana kutwa. Kichanja chenye paa la nyasi, kilichoinuliwa kutoka chini na chenye hewa inayopita pande zote, kinatunza vitunguu vikiwa hai na visipoteze uzito.

Kupanda hatua kwa hatua

Chagua eneo la wazi, lisilotuamisha maji, ambalo halikuwa na vitunguu wala vitunguu saumu kwa misimu mitatu iliyopita. Kama una sehemu mbili, ya bondeni na ya mlimani, usidhani kwamba mlimani ndiko kuna baridi zaidi usiku. Usiku mtulivu hewa ya baridi hushuka bondeni kama maji. Mkulima anaweza kupima mwenyewe: toka alfajiri ya Juni, simama bondeni kisha panda juu, utahisi tofauti kwenye uso.

Hakikisha shamba la aina nyingine ya kitunguu kinachochanua liko mbali, angalau kilomita moja. Nyuki hasomi mipaka ya shamba. Kama jirani yako naye anazalisha mbegu, kubalianeni kupanda aina moja, au mmoja apishe mwaka huu.

Siku ya kupanda, kagua kila kitunguu. Tupa kilichooza, chenye shingo nene, chenye rangi tofauti, na kile kilichogawanyika mara mbili. Unachopanda leo ndicho utakachovuna kwa miaka ijayo, kwa hiyo usimwonee huruma mgonjwa.

Baadhi ya wakulima hukata sehemu ya juu ya kitunguu, karibu robo yake, kabla ya kupanda. Hii husaidia chipukizi litoke haraka, na pia unaona ndani kama pameoza. Ukikata, tumia kisu safi, acha kidonda kikauke kivulini kwa siku moja au mbili, ndipo upande. Udongo ukiwa na maji mengi, ni afadhali usikate.

Panda kwenye matuta, nafasi ya sentimita 20 hadi 30 kati ya kitunguu na kitunguu, na sentimita 30 hadi 45 kati ya mstari na mstari. Mizizi ielekee chini, na udongo ufunike kitunguu mpaka shingoni. Mwagilia mara baada ya kupanda. Baada ya hapo mara moja au mbili kwa wiki inatosha, kulingana na udongo. Udongo wetu wa kichanga unataka maji kidogo lakini mara kwa mara.

Upepo wa Singida ni mkali, na bua la kitunguu ni jepesi. Mabua yakianza kupanda, inulia udongo kwenye mashina, kisha simika vijiti pembeni mwa mistari na ufunge kamba. Bua likilala, kichwa kinagusa udongo na mbegu zinaoza.

Angalia pia wadudu wadogo wembamba wanaojificha kati ya majani na ndani ya vichwa vya maua, wale wanaoacha michirizi ya rangi ya fedha. Hao ni vithiripi. Na ukiona madoa ya rangi ya zambarau kwenye majani au mabua, huo ni ugonjwa wa ukungu unaoweza kuvunja bua katikati. Mwone afisa ugani wa kata mapema, akushauri dawa na kipimo.

Kama una jokofu

Kwa kuwa kipupwe chetu kiko mpakani, unaweza kukiongezea. Mwenye jokofu la soda dukani anaweza kuweka vitunguu vya mbegu humo kwa wiki nne hadi nane kabla ya kupanda. Viweke kwenye mfuko wa wavu ili vipate hewa, mbali na sehemu inayogandisha. Lengo ni nyuzi 8 hadi 12, siyo barafu. Kitunguu kilichoganda kimekufa.

Kumbuka lile tulilosema kuhusu baridi kufutika. Vitoe mwezi Mei na uvipande siku ileile au kesho yake, ili vitoke kwenye jokofu na kuingia kwenye kipupwe. Ukivitoa Septemba ukavipanda kwenye joto, utakuwa umelipa umeme bure.

Bila nyuki hakuna mbegu

Umepata maua. Bado mbegu haijapatikana. Kwenye kiua cha kitunguu, chavua hukomaa na kudondoka kabla sehemu ya kike haijawa tayari kupokea. Kwa hiyo kiua hakiwezi kujirutubisha chenyewe. Kinahitaji chavua ya kiua kingine, na anayeileta ni nyuki, nzi na wadudu wengine.

Lakini nyuki haupendi sana ua la kitunguu. Maji matamu yake yana potasiamu nyingi, na nyuki akipata ua jingine karibu atalikimbilia hilo. Bahati yetu ni kwamba Agosti na Septemba alizeti imeshavunwa, kwa hiyo ushindani umepungua. Ukiwa na mizinga, isogeze karibu na shamba maua yakianza kufunguka. Ukiwa huna, zungumza na mfugaji wa nyuki wa kijijini. Mkoa wetu una wafugaji wengi wa nyuki.

Wakati wa maua, usipulizie dawa ya wadudu asubuhi. Ikibidi kabisa, pulizia jioni jua likizama, nyuki wakiwa wamerudi. Dawa moja ya saa tatu asubuhi inaweza kukupotezea mbegu za msimu mzima, na pia kumpa hasara jirani mwenye mizinga.

Kuvuna na kutunza mbegu

Mbegu hukomaa kama mwezi mmoja na nusu baada ya maua kufunguka. Kichwa kinabadilika kutoka kijani kuwa rangi ya majani makavu, na vibumba vya juu vinaanza kupasuka. Ukiona mbegu nyeusi kwenye sehemu ndogo ya vichwa, anza kuvuna. Usisubiri vyote vikauke, maana mbegu zitamwagika chini. Pita shambani mara tatu au nne, ukivuna vilivyo tayari tu.

Kata asubuhi na mapema, umande ukiwa bado upo, ukiacha kipande cha bua kwa ajili ya kushikia. Tandaza kwenye turubai mahali penye hewa kwa wiki moja hadi mbili, ukigeuza kila siku. Usianike juu ya bati la moto. Kisha pukuchua kwa mikono na upepete.

Ili kutenga mbegu pumba, zitumbukize kwenye ndoo ya maji safi kwa dakika chache. Zinazoelea zitoe. Zilizozama zichuje na uzikaushe siku hiyohiyo, kwa kuzitandaza safu nyembamba.

Mbegu ya kitunguu haiishi muda mrefu. Katika joto na unyevu inaweza kupoteza nguvu ndani ya mwaka mmoja. Kausha vizuri, weka kwenye chupa au kopo lenye kifuniko kinachobana, andika aina na mwezi wa kuvuna, na utunze mahali penye ubaridi na giza.

Kabla ya kumwaga kitaluni, fanya jaribio hili. Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na uziangalie kwa siku 12. Zikiota 80 au zaidi, mbegu yako ni nzuri. Zikiota 50, ongeza kiwango maradufu. Zikiota 20, usipoteze kitalu. Jaribio hili lifanye pia kwa mbegu ya kununua, kabla hujalima eneo lote.

Hesabu kidogo

Ekari moja ya vitunguu huhitaji kilo 2 hadi 3 za mbegu. Tuseme kila kitunguu ulichopanda kimekupa gramu 5 tu za mbegu safi. Ili kupata kilo 2 utahitaji vitunguu 400 vilivyochanua. Kama unakisia robo yake vitagoma au kuoza, panda 550. Kwa nafasi tuliyoitaja, hilo ni eneo dogo lisilozidi mita za mraba 75, ambalo familia inaweza kulimwagilia kwa ndoo kutoka kisimani. Linganisha bei ya vitunguu hivyo 550 na bei ya kilo 2 za mbegu dukani, ndipo uamue. Kila mwaka hesabu hiyo inabadilika.

Upande wa pili: vitunguu vya sokoni vinavyochanua bila kuitwa

Wapo wasikilizaji wenye shida ya kinyume. Wamepanda kwa ajili ya soko, halafu katikati ya shamba mabua yanachomoza. Kitunguu kilichotoa bua kina kiini kigumu, hakikai ghalani, na mnunuzi anakitupa pembeni.

Sababu ni ileile. Mche mdogo hausikii baridi; ukiwa na majani machache, kipupwe kinapita bila kuugusa. Lakini mche ulionenepa kama penseli, ukikutwa na baridi, unafikiri msimu wa kwanza umekwisha na unaanza ua. Kwa hiyo miche iliyozeeka kitaluni, iliyohamishiwa shambani ikiwa minene kuelekea Juni, iko hatarini zaidi.

Na hapa kuna mtego. Mtu akiona mabua hayo anafurahi, anasema amepata mbegu ya bure bila kusubiri mwaka wa pili. Anavuna, anapanda, anawauzia na majirani. Tabia ya kuchanua mapema hurithiwa. Kwa kukusanya mbegu kutoka kwa vitunguu vilivyowahi kuchanua, unazidisha vizazi vitakavyowahi kuchanua. Misimu michache baadaye kijiji kizima kinalalamika kuwa mbegu imeharibika. Mbegu bora hutoka kwenye kitunguu kilichofanya tunguu zuri kwanza, kikatunzwa ghalani, kisha kikachanua mwaka wa pili.

Vipi kuhusu matunguu ya maua ya bustani?

Tumepata pia swali la maua ya nyumbani na ya uwanja wa kanisa. Kuna lile ua jekundu la duara, lenye nyuzi nyingi kama mpira wa moto, linalochomoza mvua za kwanza zinapokaribia, mara nyingi kabla ya majani. Hilo nalo lina tunguu, lakini sheria yake ni nyingine. Halidai baridi. Linadai kiangazi kikavu cha kupumzika. Ukilimwagilia mwaka mzima kwa huruma, litatoa majani tu. Acha kumwagilia majani yakianza kunyauka, lisihamishwehamishwe, na mvua itakaporudi litachanua. Tahadhari: tunguu hilo lina sumu, kwa hiyo watoto wasilichezee na mbuzi wasiachiwe walichimbue.

Ukitaka kuuza mbegu

Mbegu unayotumia shambani kwako ni yako. Ukitaka kuiuza kama biashara, hapo sheria inaingia. Tanzania ina Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni Taasisi ya Kuthibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, yenye makao makuu Morogoro. Wakulima wadogo wana njia yao, inayoitwa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambapo mkulima anasajiliwa, shamba linakaguliwa na mbegu inapimwa. Afisa ugani wa kata au ofisi ya kilimo ya halmashauri watakueleza pa kuanzia. Kikundi kikijiunga, gharama inagawanywa na umbali kati ya mashamba ni rahisi kuupanga.

Kalenda ya mwaka, uibandike ukutani

Wakati wa mavuno: tenga vitunguu vya mbegu kabla mnunuzi hajafika, siyo baada yake.
Machi na Aprili: kagua kichanja, tupa vilivyooza. Mwenye jokofu aanze sasa.
Mwishoni mwa Aprili na Mei: panda.
Juni na Julai: palilia, mwagilia, acha baridi ifanye kazi.
Julai na Agosti: mabua yanachomoza, inulia udongo na funga kamba.
Agosti na Septemba: maua. Linda nyuki.
Septemba na Oktoba: vuna, kausha, pima uotaji.
Novemba: mbegu iwe ndani ya kopo kabla mvua ya kwanza haijashuka.

Mwaka huu ukipanda, andika kwenye daftari tarehe uliyopanda, idadi ya vitunguu, na vingapi vilichanua. Ukifanya hivyo kwa miaka mitatu utakuwa na takwimu za shamba lako mwenyewe, na utajua wiki ipi ya Mei inakubali Issuna kuliko nyingine.